Umeme Ukikatika, Misri Inasahau

Mwaka 2006 niliitawala nusu ya dunia ya kale nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mashine ya fotokopi, Magomeni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina kazi. Mjomba alikuwa na duka la steshenari lenye kompyuta moja ya mezani, monita yake nene kama friji ndogo. Mchana ilichapa barua za maombi ya kazi za watu wengine. Jioni, shata likishateremshwa nusu, ilikuwa yangu.

Gemu lilikuwa kwenye sidii isiyo na kasha, imeandikwa kwa maka peni: Rome: Total War. Nani aliinakili sikuuliza. Lilitoka mwaka 2004, limetengenezwa Uingereza na Creative Assembly, na mpaka leo hakuna gemu lililonilia muda kama hilo. Unaanza mwaka 270 KK ukiongoza mmoja wa koo tatu za Kirumi: Julii, Brutii au Scipii. Kila mwaka una zamu mbili, ya kiangazi na ya baridi, mpaka mwaka 14 BK. Ukifika mwisho umecheza zaidi ya zamu 560. Ukishamaliza mambo yako unabonyeza kitufe, na hapo inakuja sehemu ambayo wengi huitumia kwenda kumimina chai: nembo za dola nyingine zinapita moja moja kwenye skrini, kila moja ikichezewa na kompyuta. Kartago. Misri. Makedonia. Ponto. Numidia. Wagauli. Waparthi. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu kwa miaka miwili niliamini nawajua.

Anayeukumbuka mwaka ule anakumbuka mgao. Mvua zilikuwa zimegoma, maji kwenye mabwawa ya umeme yameshuka, na mitaa ikawa inapokezana giza kama watoto wenye baiskeli moja. Kwetu umeme uliweza kurudi saa mbili usiku ukaondoka saa tatu kasoro. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, hatukuwa nayo. Mara ya kwanza ulinikatikia nikiwa ndani ya kuta za Kartago, nimebakiza uwanja wa kati tu. Nilikaa gizani nimeshika mausi kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Tangu siku hiyo nikawa na nidhamu ya mtu wa benki. Zamu moja, nasevu. Zamu moja, nasevu. Umeme ukirudi nafungua nilipoishia, nacheza zamu mbili tatu, giza tena.

Na nilikuwa nashinda. Wagauli niliwachukulia miji yao kama mtu anayeangua maembe ya jirani aliyesafiri: Patavium, Massilia, Alesia. Nikituma majasusi mashariki, wanarudi na habari ileile kila mwaka. Misri bado iko pale pale na Sidoni yake. Ponto kimya. Waparthi kimya. Jambo moja tu lilinishangaza. Jasusi alikuwa akiniletea picha ya jeshi kubwa limeuzingira mji wa watu, halafu kesho yake jioni nikifungua nalikuta jeshi lilelile liko porini linarandaranda, mji haujaguswa. Nilijieleza kwamba wananiogopa. Mfalme wa Misri, aliyeko maili elfu moja kutoka kwangu, asiyewahi kuniona, anaacha vita vyake katikati kwa kunihofia mimi wa Magomeni. Ukiwa na miaka ishirini maelezo ya namna hiyo yanakutosha kabisa.

Umeme ukikatika, Mjomba alifurahi kuliko inavyompasa mwenye duka la fotokopi. Anatoa bao, anawasha chemli, anaketi barazani na fundi cherehani wa jirani, na kete zinaanza kulia. Mimi bao nilijifunza pale, ingawa kusema kweli sijalijua mpaka leo. Mashimo 32, kete 64, kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, na ana shimo lake moja maalumu liitwalo nyumba. Hesabu hiyo mtoto anaishika kwa siku moja. Kilichonishinda ni kwamba Mjomba alikuwa anacheza na mimi wa wiki iliyopita. Naweka kete ya tatu tu, anacheka.

“Mjomba, leo tena unailinda nyumba mpaka ikuozee? Jumatatu ulifanya hivi hivi.”

Alijua naogopa nini. Alijua nikibanwa nakimbilia upande gani. Fundi cherehani naye alikuwa hivyo hivyo, tena yeye alikumbuka mpaka michezo ya watu waliokwisha kuhama mtaa: huyu hapa alinaswa na fulani mwaka wa mafuriko, shimo hilihili. Walikuwa wakipigana vita vya miaka ishirini juu ya ubao mmoja.

Usiku mmoja umeme ulikaa kuliko kawaida, na Mjomba, kwa kukosa la kufanya, akasimama nyuma yangu na kikombe chake. Alitazama kimya dakika kama kumi.

“Mwenzio huyo ni nani?”

“Kompyuta, mjomba.”

“Aa.” Akanywa chai. “Anacheza kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Kila saa anauliza, jamani, tulikuwa tunafanya nini vile?”

Nikamwambia ndiyo maana nampiga. Akaenda kulala.

Mzee yule hajawahi kuigusa mausi ila kuipangusa vumbi, na alikuwa ameueleza ugonjwa ulivyo. Nilikuja kulijua hilo chuoni, nilipopata intaneti isiyolipiwa kwa dakika. Wachezaji wa nchi nyingine walikuwa wamelibishania jambo hili mpaka wakatukanana, tangu mwaka 2005. Kiini chake ni hiki. Ukisevu, faili linaandika kila kinachoonekana: jeshi lipi liko wapi, lina askari wangapi, hazina ina dinari ngapi, mji upi una ukuta. Kilichokuwa hakirudi ni nia. Jeshi la Misri lililokuwa limekaa nje ya Dameski likisubiri ngazi na minara ikamilike, gemu likifunguliwa upya, linafikiri kuanzia sifuri. Kompyuta inaitazama ramani kama inaiona leo, inapima tena, na mara nyingi inaamua kuondoka. Sasa kumbuka kwamba mji wenye ukuta kwa kawaida hauvamiwi siku ileile unapozingirwa. Vifaa vinataka zamu moja au zaidi kutengenezwa, na kama unangoja waliomo ndani waishiwe chakula, unangoja zamu nyingi. Kwa hiyo anayefungua upya kila baada ya zamu mbili anaishi katika dunia ambayo vita vinaanza kila siku na havimaliziki.

Watu walilithibitisha kwa njia ambayo mwalimu wangu wa fizikia angeipenda. Cheza zamu kadhaa mfululizo bila kuzima, angalia ramani. Rudi mwanzo, cheza zamu zilezile lakini kila moja ukiisevu na kuifungua upya, angalia ramani. Katika ya kwanza dola zinamezana. Katika ya pili kila mtu yuko kwao. Kiraka kilichotoka baadaye, yaani nyongeza ya watengenezaji ya kurekebisha kasoro, kililitibu tatizo. Sidii yangu ilikuwa ya kabla ya kiraka.

Basi ule ufalme wangu wote ulikuwa wa mgao. Nilifunga kompyuta ya maabara nikatoka nje kidogo. Unajua ile hali ya kugundua kwamba mtu uliyekuwa unamshinda karata miaka yote alikuwa haoni vizuri?

Baada ya muda nikanunua kompyuta mpakato ya mtumba, betri yake inashika saa mbili hivi ukipunguza mwanga, nikaweka toleo lenye kiraka, nikatenga Jumamosi nzima. Ndani ya miaka thelathini ya gemu nilikutana na dunia nisiyoijua. Kitu kikubwa cha rangi ya manjano kilikuwa kinapanda kutoka Mto Nile, kimemeza Siria, kinaelekea Asia Ndogo. Misri. Muulize yeyote aliyelicheza gemu hilo bila kuzimazima atakwambia Misri ilimfanya nini.

Na kila walipoinuka Wamisri, kuna mmoja aliyekufa: dola ya Waseleuko, warithi wa Alexander upande wa Asia. Mwanzoni ukiwaangalia unawaonea wivu. Wana Antiokia, Dameski, Tarso, Sardi, miji ambayo msomaji wa Agano Jipya anaitaja bila kufungua ramani, na nyingine kuelekea Mesopotamia. Kisha hesabu majirani. Misri iko kusini, imeshika Yerusalemu na Sidoni, hatua chache tu kutoka Dameski. Ponto kaskazini. Armenia. Waparthi mashariki. Wagiriki pwani ya Asia Ndogo. Kompyuta inayopima ‘nani amepakana nami na ni dhaifu kiasi gani’ itapata jibu moja kutoka pande tano, na kila jeshi linaloondoka Antiokia kwenda kumzuia mmoja linawafungulia mlango wanne waliobaki. Katika michezo yangu ni mara chache Waseleuko walifika mwaka 240 KK wakiwa na miji miwili.

Nikafungua mafaili ya gemu kutafuta kinachoifanya Misri iwe vile. Liko moja linaitwa descr_strat.txt, maandishi matupu, unalifungua kwa Notepad kama barua ya mtu. Humo kila dola imepewa maneno mawili. La kwanza linasema inapendelea kujenga nini: kuna wafanyabiashara, mabaharia, watu wa dini, watu wa ngome, na wa wastani. La pili linasema inapendelea askari wa aina gani, na hapa watengenezaji walijifurahisha: smith, mao, genghis, stalin, napoleon, henry, caesar. Karne ya tatu kabla ya Kristo, na mfalme fulani anatembea na Stalin kifuani. Genghis anataka wapanda farasi wepesi na mishale. Stalin anataka watu wengi na askari wazito wa miguu. Henry anataka farasi na wapiga upinde. Smith, maskini, hapendi kitu kimoja kuliko kingine.

Nililisoma faili lote nikitarajia mahali fulani nikute neno la tabia. Mnafiki. Mwenye kinyongo. Muungwana. Hakuna. Ni kama kutaka kumjua mtu kwa kusoma karatasi anayokwenda nayo sokoni: utajua anapika nini, lakini hutajua kama ukimkopesha atalipa. Misri haikuwa katili. Ilikuwa na ardhi tajiri, jangwa mgongoni, na jirani mmoja tu wa maana ambaye wengine wanne walikuwa wanamng’ata. Ukiniweka mimi pale na akili ya karatasi ya sokoni, nami ningefika Asia Ndogo.

(Misri yenyewe ya gemu ni kichekesho. Wametuletea magari ya kukokotwa na farasi na watu wa kifarao, mambo ya miaka elfu moja nyuma, wakati mtawala wa Alexandria mwaka 270 KK alikuwa Ptolemy II, Mmakedonia kwa asili, mwenye jeshi la mikuki mirefu ya Kimakedonia. Tena huyohuyo alianzisha Ptolemais Theron kwenye pwani ya Bahari ya Shamu kwa ajili ya kuwinda tembo wa Kiafrika wa vita. Tembo wetu katika jeshi la Misri, wamewaacha. Magari ya makumbusho, wameyaweka.)

Kitu kilichonikaa zaidi ni mabalozi.

Unaweza kumtuma mjumbe akutane na mjumbe, mkaandikiana amani, biashara, ushirika. Niliweka ushirika na Wagiriki, nikawapa na dinari juu, kwa kuwa nilikuwa nataka mgongo wangu utulie. Zamu tatu baadaye merikebu yao moja, moja tu, ikaja kufunga bandari yangu. Sikuwa nimewakosea. Merikebu ilikuwa inapita, bandari ilikuwa pale, hesabu ikasema funga. Hapohapo tukawa vitani, na zamu iliyofuata mjumbe wao akaja na uso uleule kuomba biashara.

Wamakedonia ndio walionimaliza. Walikuwa wamebaki na mji mmoja. Majeshi yangu yako nje ya lango lake, ndani wana kikosi cha watu wasiofika mia mbili na mfalme mwenye kikohozi. Nikawapelekea masharti mepesi: kaeni na mji wenu, muwe chini yangu, nawalinda. Wakakataa. Kisha mjumbe wao akanipa yao: mimi, mwenye miji thelathini, niwe chini yao. Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka. Lakini baada ya kucheka kuna kitu kilibaki. Mjumbe yule hakuwa anatania. Kwake hakukuwa na miaka kumi ya kupigwa nyuma ya zamu ile. Kulikuwa na orodha ya mapendekezo yanayoruhusiwa, na hilo mojawapo.

Ukipandisha kiwango cha ugumu ndiyo hasira zaidi, maana vitani askari wa kompyuta wanapigana kwa nguvu ya kuongezewa, huku jemadari wao akipeleka farasi wake kwenye ncha za mikuki kama jana.

Mji wenye njaa kudai utawala juu ya aliyeuzingira ulinirudisha kwenye historia yenyewe, maana nilitaka kujua Waseleuko wa kweli, wenye majirani walewale, waliwezaje kufika mwaka 64 KK, alipokuja Pompey, jemadari wa Roma, kuwafuta. Hao na Misri walipigana vita sita vya Siria kati ya 274 na 168 KK, na hakuna aliyemmeza mwenzake. Mpaka ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi.

Kulikuwa na ndoa. Karibu mwaka 252 KK Ptolemy II alimwoza binti yake Berenice kwa Antiochus II, mfalme wa Waseleuko, ili kufunga vita. Antiochus alikuwa na mke, Laodice, akawekwa kando. Mwaka 246 Antiochus akafa, Berenice na mwanawe wakauawa, na kaka yake Berenice, Ptolemy III, akavuka na jeshi kupita Siria. Hiyo si hesabu ya nani amepakana na nani. Huyo ni kaka mtu. Katika gemu mabinti wapo, wana majina, lakini wanaposwa na vijana wanaojitokeza tu mlangoni. Hakuna binti anayeozwa kwa dola ya jirani, kwa hiyo hakuna wa kuliliwa.

Halafu kuna mwaka 168. Antiochus IV amekaribia Alexandria na jeshi lake, Misri iko karibu mkononi. Roma ikamtuma Gaius Popillius Laenas, bila jeshi la kumtisha mtu pale alipo, akiwa na barua ya Seneti inayosema toka Misri. Antiochus akasema atashauriana na rafiki zake. Popillius akachukua fimbo yake, akamchorea duara mchangani kumzunguka, akamwambia jibu litoke kabla hujatoka humo. Mfalme akatulia kidogo, akakubali, na jeshi likarudi Siria.

Ukiiweka habari hiyo kwenye gemu, haifanyi kazi. Mzee mmoja na fimbo dhidi ya jeshi zima: kompyuta inapima, inaona hakuna tishio lililopakana, inaendelea na safari. Antiochus alikuwa na vitu ambavyo havikuwemo pale mchangani. Baba yake alipigwa na Warumi Magnesia mwaka 190, na mkataba wa Apamea wa 188 uliwatoza Waseleuko talanta 15,000. Yeye mwenyewe, akiwa kijana, alipelekwa Roma kuwa mateka wa mkataba huo, akakaa miaka. Wakatoliki wanaomjua kama Antioko Epifane wanalikuta jambo hilo mwanzoni kabisa mwa Wamakabayo, kwamba huyu alikuwa mateka Roma. Na wiki chache kabla ya duara lile, Warumi walikuwa wameivunja Makedonia pale Pydna. Yote hayo yalikuwa ndani ya duara pamoja naye.

Hapa ningeweza kusimama nikasema binadamu anakumbuka na mashine haikumbuki, lakini kuna huyo baba yake anayeniharibia hoja. Antiochus III, mwaka 217 KK, alikutana na Ptolemy IV pale Raphia, kusini mwa Gaza. Kwa hesabu ya Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, alikuwa na tembo 102 wa Kihindi dhidi ya 73 wa Kiafrika. Mfalme akaongoza farasi wa upande wa kulia, akauvunja upande uliomkabili, akawafukuza kwa furaha, akaenda mbali. Huku nyuma katikati ya jeshi lake ikavunjwa, vita vikapotea. Miaka 27 baadaye, Magnesia, mtu yuleyule, upande wa kulia uleule, akawavunja Warumi waliomkabili, akawafukuza mpaka kambini kwao. Huku nyuma jeshi lake likavunjwa.

Kila nikimwona jemadari wa kompyuta anaondoka na farasi wake kumfukuza mtu asiye na maana, nikimcheka, namkumbuka huyo. Alikuwa na miaka 27 ya kulifikiria kosa moja. Mjomba angemfunga bao kila Jumatatu.

Katika gemu zima ni mmoja tu anayeweka daftari, naye ni Seneti ya Roma. Inakupa kazi: funga bandari fulani, teka mji fulani, una zamu kumi. Ukifanya, jina lako linapanda. Ukipuuza, linashuka. Na wananchi wakianza kukupenda kupita kiasi, Seneti inakunja uso, mpaka siku inapoleta barua ikimtaka kiongozi wa ukoo wako ajiue. Mara ya kwanza kuipata barua hiyo niliinuka kwenye kiti. Nilikuwa nimewatumikia miaka sitini ya gemu. Lakini hata nilipokasirika nilijua wananikasirikia mimi, kwa mambo niliyoyafanya mimi, na wameyaandika. Wagiriki na merikebu yao hawakuwahi kunipa heshima hiyo. Daftari lenyewe si la ajabu, ni namba zinazopanda na kushuka, kama lile la mikopo alilokuwa nalo Mjomba chini ya meza, lenye majina ya nusu ya mtaa. Ila mtu aliyemo kwenye daftari la Mjomba alikuwa akivuka barabara.

Juzi nilitafuta ile sidii. Imekwaruzika haisomeki, ila nilishainakili zamani kwenye hadi diski, toleo lilelile bila kiraka. Nikaliweka kwenye kompyuta ya nyumbani, nikachagua Waseleuko kwa makusudi. Nilitaka kuona kama naweza kuwafikisha hata mwaka 200 KK.

Kufika 251 niko hoi. Hazina iko chini ya sifuri. Antiokia wananchi wanachoma majengo. Jeshi la Misri limeizingira Dameski, jeshi la Ponto limeizingira Sardi, zamu moja. Katika Dameski nina vikosi vitatu vya mikuki na mtoto wa mfalme aliyetimiza miaka kumi na sita mwaka jana. Msaada ulio karibu uko zamu nne.

Umeme ulikuwepo. Siku hizi kwetu unakatika mara chache, na UPS ninayo. Hakuna kilichonilazimisha. Nilikaa nikiitazama Dameski, mkono uko kwenye mausi.

Nikasevu. Nikatoka kabisa kwenye gemu, nikaenda jikoni kunywa maji, nikarudi, nikafungua, nikamaliza zamu. Nembo zikaanza kupita. Wamisri wakakunja mahema yao wakashuka kuelekea jangwani, polepole, kama watu waliosahau walichofuata.

Wa Ponto hawakuondoka.